Kiatu cha Foleni

Mimi ni fundi viatu, na nina gunia la viatu visivyo na wenyewe. Mtu huleta kiatu kimoja kilichoachama mdomo, ananiambia atakipitia kesho, na kesho hiyo haijafika hadi leo. Mke wangu huapa kwamba gunia lile ndilo mtoto wetu wa kwanza, kwa jinsi ninavyolibembeleza na kukataa kulitupa. Mimi humjibu kwamba ipo siku litafaa. Sikuwa na hakika yoyote, lakini mwanamume akishalisema jambo mbele ya mkewe mara nyingi, inabidi aendelee nalo tu.

Kibanda changu kiko nje ya lango la hospitali ya serikali, na mimi mwenyewe ni mgonjwa wa sukari wa siku nyingi, kwa hiyo niko nyumbani pande zote mbili za lango. Alhamisi ndiyo siku ya kliniki yetu. Siku hiyo hufunga kibanda, nikavaa shati safi, nikaingia kuketi kwenye benchi kama bwana mkubwa aliyealikwa.

Benchi lenyewe ni refu, la mbao, limesuguliwa na makalio ya watu hadi linang'aa. Tulikuwa tukifika alfajiri ili kuwahi, na daktari alianza kazi jua likiwa limeshapanda. Sasa mtu wa sukari humwambii atulie mahali pamoja muda wote huo. Anakwenda haja ndogo, anarudi, anaketi, anainuka tena. Ndipo ilipozuka desturi ya ndala. Unavua ndala moja, unaiweka pale ulipokuwa umeketi, unakwenda zako. Ndala ile ndiyo wewe. Benchi likisogea, jirani anaisogeza. Watu waligombana kwa mpira, kwa siasa na kwa nani aliyekohoa bila kuziba mdomo, lakini sijaona hata mmoja aliyethubutu kuruka ndala ya mwenzake.

Tatizo ni kwamba mtu wa sukari hatakiwi kutembea peku. Miguu yetu imepoteza hisia. Ukikanyaga msumari hujui. Daktari wetu alitueleza hivyo kila Alhamisi, tena kwa upole, na sisi tukamwitikia ndiyo daktari, kwa heshima zote, huku mguu mmoja uko wazi.

Ikawa hivyo hadi siku ya Mwenyekiti. Huyu ni bibi mmoja aliyewahi kuwa mpishi wa shule, na hajawahi kuwa mwenyekiti wa chochote isipokuwa benchi lile. Aliweza kunyamazisha veranda nzima kwa kuinua nyusi. Siku hiyo aliacha ndala yake, akaenda msalani, akarudi akiwa mchangamfu kabisa, akaketi, akaangalia sakafu na kuuliza ni nani anayevuja damu ovyo. Alikuwa ni yeye. Kizibo cha soda kilikuwa kimejikita kwenye unyayo wake, na hakuwa na habari nacho.

Daktari alikuja kibandani kwangu mchana ule ule, bado amevaa koti lake jeupe. Aliniambia nimtafutie dawa ya zile ndala. Nikanyanyuka, nikatazama huku na huku kama mke wangu yupo karibu anione, kisha nikafungua gunia.

Kuanzia Alhamisi iliyofuata kila mtu wa benchi alikuwa na kiatu chake cha foleni, ili ndala zake zote mbili zibaki miguuni. Mwenyekiti alipata kiatu chekundu cha kisigino kirefu, akakitazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa ujanani. Dereva mstaafu alipata kiatu cha kuchezea mpira chenye meno. Mama muuza sabuni alipata kiatu cha shule cha mtoto wa kike. Mimi nilijigawia cha mwisho, ili nionekane muungwana, isipokuwa nilikuwa nimeshakificha chini ya meza kile kizuri kuliko vyote: cheusi, cha kamba, ngozi halisi, kiatu cha mtu wa heshima zake. Nilikuwa nikikipiga rangi kila Jumatano jioni. Benchini kilipendeza kuliko mimi mwenyewe.

Daktari alipoona mstari ule alicheka hadi akavua miwani. Baada ya muda alitujua kwa viatu kuliko kwa majina. Alikuwa akifungua mlango na kuita, "Kisigino Chekundu, ingia," na Mwenyekiti anaingia kwa madaha kana kwamba ndicho alichovaa.

Kisha daktari akaondoka. Jengo jipya lilikuwa limeota kando ya barabara, lenye mlango wa kioo na kibao chenye jina lake. Alikuja benchini mwenyewe kutuaga, na kwa hilo nampa haki yake. Alisema anaondoka lakini haondoki, maana kila Alhamisi asubuhi atakuwa pale pale kama kawaida. Mwanzoni alikuja. Halafu akawa anachelewa, anaingia na simu sikioni na kutoka nayo. Halafu gari lake likaacha kuonekana. Chumba chake alipewa tabibu kijana, mtoto mwenye adabu zake, lakini akiufungua mguu wa Mwenyekiti alikuwa anameza mate. Kile kidonda cha kizibo kilikuwa kimefunga, kikafunguka tena. Tabibu alisema kinamhitaji daktari bingwa, na kwa bingwa wa hospitali kuu ya mkoa tarehe iliyopatikana ilikuwa mbali mno. Kwenda kwenye mlango wa kioo hakuweza. Bei ya kumwona daktari mle ndani haikuwa bei ya mpishi mstaafu.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Niliwaambia, "Niachieni mimi. Yule ni daktari wangu."

Nilikuwa na sababu ya kujigamba. Daktari alikuwa ameniita nimtengenezee wagonjwa wake wapya makubazi ya soli laini, yasiyochuna miguu ya sukari. Siku ya kwanza kwenda huko nilivaa koti nililofungia ndoa, nikajipulizia marashi ya mke wangu. Mke aliniuliza kama ninakwenda kupima miguu ya watu au kuposa. Mtu mwenye miadi hana muda wa kujibizana.

Jamani, mle ndani. Sakafu ilikuwa inateleza kwa usafi, kiyoyozi kinakupuliza kisogoni taratibu, na kulikuwa na kochi la ngozi ambalo ukilikalia linashusha pumzi, nawe unashusha yako. Pembeni palikuwa na mashine ya maji baridi. Hakuna aliyekuuliza umekunywa mara ngapi, nami nilikunywa kama ng'ombe wa kukodi. Dada wa mapokezi aliniita mzee, tena kwa sauti ya chini, kama vile nilikuwa nimelala na hataki kuniamsha. Daktari akanipima sukari kwa mkono wake, bure, akaniambia niwe ninapita tu kila nikileta makubazi.

Basi nikaona sina haja ya foleni tena. Alhamisi iliyofuata nilipita benchini, nikachukua kiatu changu cheusi, nikakitia mfukoni mwa koti. Mwenyekiti aliniangalia tangu mwanzo hadi mwisho asiseme neno. Mwanamke yule akinyamaza, ujue umeshahukumiwa.

Hotuba yangu kwa daktari nilikuwa nayo. Nilikuwa nikiifanyia mazoezi nikishona, nikiuambia msharasi wangu, ile sindano nene ya kushonea ngozi, mambo mazito kuhusu ahadi na haki ya mgonjwa maskini. Msharasi ulinielewa vizuri. Lakini nikifika kule, kochi linashusha pumzi, daktari ananiuliza kuhusu unene wa soli, naeleza, ananisifu, navimba kichwa, na kufumba na kufumbua niko nje juani nimepewa kazi nyingine ya makubazi, na ile hotuba bado iko tumboni imechanganyika na maji baridi. Nikirudi benchini wananiuliza. Nawaambia analifikiria. Mara ya pili nikawaambia analifikiria sana. Mara ya tatu dereva mstaafu aliuliza kama daktari hajapata maumivu ya kichwa kwa kufikiria huko, na watu wakacheka, mimi nikiwa mmoja wao, maana ningefanya nini.

Asubuhi moja Mwenyekiti aliniita kwa kidole. Alifungua kitambaa alichofunga mguuni, bila haraka, akanionyesha. Kidole kidogo kilikuwa kimekuwa cheusi, na cha pili yake kilikuwa kinakifuata. Kulikuwa na harufu. Mimi nashika viatu vya watu wa kila aina, najiona nimeshazoea kila harufu ya mguu, lakini ile iliniogopesha. Niliogopa kweli, nikaanza kumwambia kwamba leo, leo hii hii, nitasema naye.

"Usiseme naye," akanijibu. "Maneno yako tumeshayasikia, mwanangu. Wewe nenda ukatuwekee foleni huko kwenu."

Akanitilia kiatu chekundu mikononi. Dereva akaleta chake, mama muuza sabuni akaleta chake, na wengine wote. Niliviweka kwenye gunia nikaondoka nalo begani kama mwizi aliyetumwa na jamii nzima.

Nilikuwa na magunia mawili siku hiyo, moja la makubazi mapya na moja la viatu vya foleni, yote yamefanana kama mapacha. Mpango wangu ulikuwa wa mtu mwenye busara, yaani wa mwoga. Niliazimia kuliacha lile la foleni nyuma ya mlango, nimnong'oneze daktari tukiwa peke yetu, nikipata nafasi, kama hajachoka. Ila pale mapokezini alikuwa ameketi mama mmoja mwenye miwani ya gharama, akisubiri makubazi yake, na dada wa mapokezi akaniomba nimwonyeshe. Kuombwa kuonyesha kazi yangu mbele ya watu ni ugonjwa wangu mwingine, huo hauna kliniki. Nikapiga goti, nikatoa maneno mawili matatu kuhusu ngozi, nikashika gunia kwa chini na kulimwaga kwa madoido katikati ya sakafu ile inayong'aa.

Kikatangulia kiatu cha mpira chenye meno. Kikafuata kiatu cha shule, kisha ubao wa ndala uliofungwa kwa waya, kisha kisigino chekundu, kikabiringika hadi kwenye miguu ya yule mama na kusimama wima. Dada wa mapokezi alishika mdomo. Mimi nilipigwa na butwaa, na nikiwa katika hali hiyo mikono yangu ikafanya kitu pekee ilichokijua: ikaanza kuvipanga. Nilivipanga mstari mmoja kuelekea mlango wa daktari, kila kimoja nyuma ya mwenzake, kama vinavyokaa benchini.

Nilikuwa nanyoosha cha mwisho mlango ulipofunguka.

Daktari alisimama. Alivitazama kimoja kimoja. Hakucheka, na miwani hakuivua. Aliniuliza hii ni nini, nikamwambia nimekosea gunia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuingia mle nilikuwa nimesema kweli tupu, na hakuniamini.

Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu aliyekwisha kujieleza mara nyingi usiku peke yake. Alisema kule alisafisha vidonda bila glavu. Alinunua bendeji kwa fedha yake hadi nyumbani wakalalamika. Mgongo wake umekwisha. Na hawa wanaokuja hapa nao ni wagonjwa, hawakuja kutembea. Yote yalikuwa kweli, nami niliyashuhudia baadhi yake kwa macho yangu.

"Mimi ni mtu mmoja, fundi," akasema. "Mnataka nijikate vipande?"

"Hatukutaki mzima," nikasema. Sijui ulimi ulitoka wapi. "Tunataka Alhamisi. Uliisema mwenyewe."

Akainama, akakiokota kiatu chekundu, akauliza mwenyewe anaendeleaje. Basi nikamwambia. Nilimweleza kidole kilivyo na harufu ilivyo, na tarehe ya mkoani, na jinsi tabibu anavyomeza mate. Uso wake ulibadilika, ukarudi kuwa ule wa zamani, wa siku ya kizibo. Akauliza tangu lini. Nikasema kidonda kilifunguka kabla sijaleta makubazi ya kwanza.

"Yaani umekaa kwenye kochi hilo," akasema polepole, "tumezungumza soli, umekunywa maji, na bibi anaoza mguu. Ulikuwa unaniogopa nini?"

Hapo ningeweza kutunga kitu. Nina kipaji hicho. Lakini viatu vyote vilikuwa vinaniangalia.

"Sikukuogopa," nikasema. "Nilikuwa nimelipenda kochi."

Daktari akaketi juu ya mkono wa lile kochi, kiatu chekundu bado kimo mkononi mwake.

"Hata mimi, fundi," akasema.

Aliyetuokoa ni yule mama mwenye miwani, ambaye nilikuwa nimeshamsahau. Alimwambia daktari kwamba sukari yake yeye imekaa naye miaka, haitakimbia asubuhi moja, kwa hiyo aende, na akirudi atamkuta. Kisha akasogeza miguu yake ili asivivuruge viatu vya watu.

Tulikwenda kwa gari la daktari, mimi nyuma na gunia mapajani. Benchi zima lilituona tukiingia na hakuna aliyeshangilia. Daktari alipiga goti sakafuni mbele ya Mwenyekiti, akafungua kitambaa, akautazama mguu kwa muda mrefu, akamshika unyayo kwa viganja vyote viwili. Mwenyekiti alimwambia tu kwamba benchi limekuwa refu tangu aondoke.

Alimfanyia upasuaji siku ile ile, tabibu kijana akiwa pembeni yake. Mguu ulibaki. Vidole viwili havikubaki. Daktari hakutafuna maneno. Alisema mguu ungefika mapema, vidole vyote vingekuwepo. Alisema hivyo akinitazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Nilirudi kibandani nikalia. Mtu aliyepita aliniuliza kulikoni, nikamwambia ni gundi, hii ya siku hizi ni kali.

Baada ya hapo daktari alikaa na wakubwa wa hospitali, wakakubaliana. Alhamisi asubuhi mlango wa kioo unafungwa na mwenyewe anakuwa kwetu. Tabibu kijana anafanya kazi naye bega kwa bega, ili siku nyingine za wiki asiwe anameza mate. Na mguu wowote ukianza kubadilika rangi, tabibu ampigie simu siku yoyote, naye aje. Alikuja benchini kututangazia. Watu walifurahi, wakageuka kumtazama Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekaa na bendeji yake kubwa, nyusi ziko juu.

"Ahadi tulishapewa," akasema. "Tumeikalia hapa hadi matako yamekufa ganzi. Anayeondoka kwenye benchi hili huacha kiatu. Acha kiatu, daktari."

Daktari alicheka, akainama kufungua kamba zake. Mwenyekiti akamzuia. Alimkumbusha kwamba ni yeye aliyetukataza kutembea peku. Basi vichwa vyote vikanigeukia mimi na gunia langu. Nikaingiza mkono, nikatoa kilichokuwa kimebaki mle ndani, buti la mpira la mtoto, la njano, lenye picha ya bata. Mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Kile cha kung'aa," akasema.

Nilijitia sikusikia. Akarudia, na safari hii aliniita fundi kwa namna ambayo dereva mstaafu alijisogeza pembeni. Nikakitoa kwenye koti. Nilikuwa nimekipiga rangi jana yake tu. Kikawekwa mwanzo wa benchi, karibu kabisa na mlango, na huko kimekaa, kiatu cha daktari. Mimi nilipouliza nitatumia nini, Mwenyekiti akaniambia aliyehama benchi huanzia nyuma, akanisukumia lile la bata.

Makubazi ya Mwenyekiti nimemtengenezea mimi, soli laini, upande wa nje nimejaza pale palipokuwa na vidole. Nilifumua na kushona upya hadi mke wangu akauliza kama nashona kiatu au naomba msamaha. Mwenyekiti aliyavaa, akatembea hadi mwisho wa veranda na kurudi, akasema yanafaa. Sikudai zaidi.

Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha sana na daktari alichelewa. Tukawa tunatazama lango. Nilijua kila mtu anawaza nini, maana nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Akaja mgeni mmoja, mgonjwa mpya, amelowa, akaona nafasi mwanzo wa benchi penye kiatu cheusi, akanyoosha mkono akiondoe aketi. Mwenyekiti akaufunika mkono wa mgeni kwa kiganja chake.

"Hapo pana mtu," akasema.

Mgeni akaangalia kiatu, akatuangalia sisi, akatafuta pa kusimama. Tukaendelea kungoja. Daktari aliingia suruali imelowa hadi magotini, akakichukua kiatu chake benchini, akakitia kwapani, akafungua mlango na kuita Kisigino Chekundu. Mimi nilikuwa mwisho kabisa wa benchi, nyuma yangu yule mgeni tu, nimepakata buti la bata.